Pembe Iliyoita Watu Bila Kazi

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo cha ualimu nilipotumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, juu ya Same, si mbali na Mhezi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, nami niliamini kwa moyo wote kwamba sanaa inayomkalisha mtu atazame tu ni mabaki ya ukoloni. Mtazamaji, niliandika katika daftari langu, lazima awe mtendaji.

Kwa imani hiyo, mimi na wanafunzi wa darasa la sita tuligeuza darasa letu kuwa kamera. Tuliziba madirisha kwa magunia na udongo, tukaacha tundu moja dogo, tukalitia kioo cha miwani kuukuu. Shuka jeupe tulilolitundika ndani likaupokea uwanja mzima: migomba, njia iendayo kijijini, watoto, vyote kwa rangi zake, vyote kichwa chini miguu juu. Juu ya paa tukafunga kipaza sauti na kukiunganisha na kinasa sauti nilichokiazima chuoni. Nilikuwa nimezunguka nacho majuma mawili nikikusanya sauti: mchi kinuni, kengele za mbuzi, maji yakifunguliwa kwenye ndiva, bwawa linalomwagilia mashamba ya kijiji. Aliyekaa gizani alichagua sauti. Watoto uwanjani waliisikia na kuigiza kazi yake. Naye aliyekaa gizani akaiona ikitendeka mbele yake kwenye shuka.

Sauti moja ilikuwa ya pembe inayowaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mpiga pembe, mzee mwenye mashavu mapana na utani mwingi, alikubali niinase, lakini alifunga mlango kwanza, akauelekeza mdomo wa pembe ndani ya gunia la maharage, akapuliza kidogo sana. Nilidhani anaona haya.

Jumamosi tuliwakaribisha wazazi. Mama mmoja aliyeketi mbele akasema, "Mwalimu, hebu weka pembe." Nikaiweka. Ililia kutoka paani, ikagonga majabali ya ng'ambo, ikarudi. Watoto wakaanza kuigiza kulima. Kisha kwenye shuka, nyuma yao, njia ikajaa watu: wanaume na wanawake, majembe mabegani, wakitembea kichwa chini kuja kwetu. Gizani watu wakapiga makofi.

"Wameigiza vizuri hawa!"

"Ngoja," alisema yule mama. "Yule si mume wangu? Si ana homa tangu juzi?"

"Homa imesikia pembe, dada," jirani yake akamjibu, na chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipofungua mlango.

Walikuwa watu wapatao arobaini, wa kweli, wakihema. Mwenye homa alikuwa ameegemea mpini wa jembe. Mpiga pembe alifika mwisho, pekupeku.

"Nani amepiga pembe yangu, nami ninayo mkononi?"

"Labda imezaa, mzee!" mtu akamtania. Hakucheka.

"Shikamoo, baba," nilisema. "Ni mimi. Ni mashine. Naomba radhi."

"Marahaba. Radhi nimekupa, mwanangu." Akanivuta kando, akashusha sauti. "Lakini ukingo wa ndiva umeanza kuvuja, na Jumanne nitawaita kuuziba. Hawa wakirudi leo na majembe makavu, Jumanne nani atatoka? Radhi peke yake haitoshi. Nipe kazi ya kuwapa."

Nilitazama huku na huku kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolisoma. Ndipo nikakumbuka shimo la choo cha wasichana. Tulikuwa tumelipima tangu mwanzo wa muhula, nami nilikuwa nimeliahirisha kila juma kwa sababu ya kamera yangu. Nikawaonyesha vigingi. Wakavua mashati. Mwenye homa alikatazwa kuchimba, akawa mcheshi wa shughuli. Jioni shimo lilikuwa limemmeza mtu mzima, nami viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Kabla hawajaondoka niliifuta sauti ile mbele ya mpiga pembe. Aliusogeza uso karibu na utepe, akasikiliza ukimya wake mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

Jumanne pembe ililia kweli. Nilitoka na jembe na kusimama njiani. Milango mingine ilifunguka upesi, mingine ilibaki imefungwa, na nyuma ya mlango mmoja, mwanamke akauliza, "Ni ya mtu au ya paa?"

Mpiga pembe alimsikia. Hakunigeukia. Alishuka kutoka kwenye jiwe alipozoea kusimama, mahali ambapo baba yake pia alikuwa akisimama, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, akipuliza mbele ya kila mlango ili wayaone mashavu yake. Nikamfuata. Kwenye mteremko alisimama kuvuta pumzi, akanikabidhi jembe lake.

"Nibebee, mwalimu. Pumzi zangu ni za pembe."

Nikaliweka begani pamoja na langu. Tulipopita mlango wa mwisho, nyuma yetu palikuwa na watu wengi, na mbele yetu ukingo wa ndiva ulikuwa bado umesimama.