Boti ya raha ni ile unaweza kusimama ndani usalimie shangazi

Wakuu, salamu kutoka Kericho. Nimeona mkibishana kuhusu boti gani inafaa kwa raha, nikaona nichangie. Sina theory. Haya yalinipata mwenyewe, miaka ya tisini.

Wazazi walitutoka tukiwa watatu. Mimi ndiye wa kwanza. Niliacha shule darasa la saba, nikapata kazi kwenye bwawa la shamba moja la chai: kuosha boti mbili za wageni na kuwapigia makasia.

Moja ilikuwa nyembamba, nyekundu, inateleza kama sabuni.

Ya pili ilikuwa pana, chini flat, mbao nzito. Wageni waliiita meza.

Sasa shangazi, dada ya baba, akatuma neno kutoka Mulot. Anakuja Jumapili kuona kama kweli naweza kulea. Asiporidhika, anaondoka na Faith, mdogo wetu wa miaka sita.



Nikaomba supervisor ruhusa, na Jumapili nikatoa ile nyekundu, nikaketi ndani na wadogo wangu wawili. Nilitaka shangazi akitokea kwenye majani chai atuone tumependeza. Hapo ndipo nilikosea.

Kwa wasiojua, nyumbani kwetu mtoto hasalimii mkubwa akiwa ameketi. Shangazi alifika ukingoni na mwavuli wake wa kanisani, akatoa salamu ya kwetu, "Chamgei, watoto!"

Faith na dada yake Cherotich wakasimama wote, upande mmoja, mikono mbele.

Boti ikapinduka.

Maji yalinifika kiunoni tu, lakini Faith yalimfika kidevuni, na ni baridi ya kugonganisha meno. Shangazi aliingia na viatu vyake vya Jumapili, akamnyakua.

"Wewe Kiprono! Hii ni boti ama mtego wa panya?"

 Nilijua sasa Faith anaenda Mulot.

Niliwasha moto kwenye banda la boti. Walipokauka, Faith, bado amefungwa leso ya shangazi, akasema anataka kurudi majini. "Lakini na meza."

Shangazi akanigeukia. "Na mimi nitakaa wapi?"

Tukaingia wote wanne. Kuta zilizoinuka, viti vya kuegemea, hakuna haja ya mtu kushikilia kitu. Shangazi alianika viatu, akagawa mahindi ya kuchemsha, akaanza kucheka vile Faith alikuwa anamwaga punje.

Mlinzi wa bwawa akapita ukingoni. Wasichana wakasimama tena kumsalimia. 

Meza haikutikisika.

"Umewafunza vizuri," shangazi akasema. "Hata mahali pa kuzama wanasimama."

Jioni alirudi Mulot peke yake.

Kwa hivyo wakuu, rangi na speed visiwadanganye. Tafuteni boti pana, iliyotulia, ambayo mama mzee anaweza kukaa ndani bila kuomba Mungu. Na mvalishe watoto life jacket, sisi hatukuwa nazo.

Wenye boti huko kwa mabwawa na maziwa, yenu iko aje? Kuna mwingine amepinduliwa na adabu, ama ni mimi tu?