Theluji ya Mama Berthe

Fundi wetu wa frigo, yaani majokofu, hapa Likasi huanza kwa kusikiliza. Huegemeza sikio kwenye ubavu wa mashine, mdomo wazi kidogo, kisha hubana karatasi ya daftari mlangoni na kuivuta taratibu kwa vidole vyeusi vya grisi. Karatasi ikitoka bila kukwama, hucheka peke yake: mpira wa mlango umechoka, hewa ya joto inaingia na unyevu wake, na ndani kumejaa theluji. Wenye frigo huisifia theluji hiyo. Mama Berthe, muuza samaki, alimwonyesha yake Jumapili kwa fahari: “Ona hii neige! Frigo yangu iko na baridi ya kweli.” Fundi akabonyeza samaki mmoja, kidole kikazama. “Mama, neige mingi, baridi kidogo.”

Alipokuwa akibadilisha mpira, sisi majirani tulikuwa sebuleni kwa Mama Berthe tunatazama filamu: shujaa amelala porini, theluji inamwagika kama unga, nasi tunalia. Fundi akachungulia. “Huyu haezi kufa. Neige ikianguka vile, baridi imelegea. Baridi ya kuua inakuya wakati mbingu iko safi.”

“Weye uliona neige wapi?” Mama Berthe akamfokea.

“Mu frigo, mama. Myaka makumi mbili.”

Tukamwamini, hata machozi yakakauka. Dakika mbili baadaye shujaa akakata roho. Vichwa vyote vikamgeukia fundi. Akafuta mikono, akaitazama maiti kwa makini kama daktari.

“Ile ni malaria,” akasema, akarudi kwenye mpira wake.