Mkono Uliopinda Kwenye Foto

Kamera yangu ina njia mbili za kupiga. Ya kwanza ina mlio: pazia la chuma ndani yake linafunguka na kujifunga, kla! Ya pili ni ya kimya, hakuna kinachocheza ndani. Kwenye ndoa za Nyabiondo, ninakofanyia kazi, sithubutu kutumia ile ya kimya. Watu hukaza shingo na kubana pumzi hadi wasikie mlio, na wasipousikia wanasema mpiga foto ni mwizi. Mimi nami sikuipenda. Chini ya taa za sola inachora mistari myeusi, na kitu kinachokwenda haraka hutoka kimepinda.

Mdogo wangu alifariki kwa homa huko Kibua, Walikale, alikokuwa ameoa na kulima. Mama yetu hakuweza kupanda pikipiki, miguu ilikuwa imevimba. Wala hakulia. Alikuwa ameisusa ndoa ile tangu mwanzo, na sasa alikataa hata kifo chenyewe.

"Uniletee sura yake," aliniambia. "Kama sijaiona, sitakubali. Na kama amekufa kweli, basi alikufa sawa mutu asiye na watu."

Nilifika asubuhi, wakijiandaa kuzika. Nilipotoa kamera, mama mkwe wa marehemu alinizuia mlangoni.

"Papa, kwetu hapa chuma hailie mbele ya maiti. Hata masufuria tumetoa inje."

Niliwaka. Nimekula matope njia nzima, mama yangu anasubiri sura, halafu mtu ananifundisha adabu mbele ya maiti ya ndugu yangu mwenyewe! Lakini mgeni ni mgeni. Nilimeza hasira, nikaweka njia ya kimya.

Foto ya kwanza ilitoka na mistari ya taa usoni, kana kwamba ndugu yangu amefungiwa nyuma ya fito. Nikaomba wazime taa na kufungua dirisha. Mwanga ukaingia. Wakati ninabonyeza, mjane aliinama kumpangusa paji la uso kwa kiganja. Hakujua kama ninapiga. Angesikia mlio angejiondoa, kama wote wanavyofanya. Kabla sijarudia, wanaume wakaingia na sanduku, na nafasi ikaisha.

Njiani niliitazama nikatukana peke yangu. Uso ulikuwa safi, lakini mkono ulikuwa umepinda, vidole vimevutika vikawa virefu visivyo vya mtu. Ingekuwa ya ndoa ningeifuta.

Mama aliishika kamera kwa mikono miwili. Uso aliutazama kidogo tu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Huu mukono iko ya nani?"

"Ya bibi yake, Mama."

"Iko inafanya nini?"

"Inamupanguza."

Akaisogeza kamera karibu na macho.

"Alijua kama unamupiga foto?"

"Hapana. Mashine haikulia."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, hata majirani wakaacha maharage yao kwenye mikeka wakaja mbio. Walidhani anaulilia ule uso, wakataka kumnyang'anya kamera ili apumzike. Hakuiachia. Kidole chake kilikuwa bado juu ya vile vidole vilivyopinda, na neno alilolirudia hadi sauti ikamkauka lilikuwa moja.

"Huu mukono, sijausalimia hata mara moja."