Petikoti Mbili za Gunia Moja

Admin, chapisha hii lakini jina langu lisionekane popote, watu wa huku Shianda wana macho. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, nina wajukuu, na tangu juzi ninalia hadi wananiuliza kama ni mgonjwa. Marehemu nitamwita Rozi, ingawa si jina lake.

Tulikua boma kwa boma. Babake na babangu walikata miwa pamoja, na kwa kuwa miwa ilichomwa kwanza ndipo ikatwe, walirudi nyumbani masizi matupu. Baadaye babake Rozi akapata kazi ndani ya kiwanda, wakahamia nyumba za wafanyakazi. Enzi hizo biashara ya sukari ilikuwa imepamba moto, na mtoto wa mtu wa kiwandani ungemjua hata kwa viatu.

Tulipoenda shule ya bweni, uji ulitolewa bila sukari. Wasichana wa kiwandani walikuja na sukari yao mikebeni, wakakaa meza yao pale bwaloni. Ukialikwa pale, basi wewe ni mtu. Kiongozi wao, binti wa bosi fulani, ndiye aliyeamua nani achekwe. Rozi alipoitwa kwenye meza hiyo nilifurahi sana, mjinga mimi, nikidhani atanivuta.

Siku moja yule kiongozi akamwambia mbele ya wote, "Wewe Rozi, unakaa na sisi lakini unatembeanga na huyu mtoto wa masizi. Hebu tuonyeshe uko upande gani."

Rozi akainuka. Akanishika sketi kwa nyuma, akaipandisha mpaka kiunoni. Petikoti yangu mama aliishona kwa gunia la sukari, na yale maandishi yalikataa kutoka hata alipolichemsha. Rozi akayasoma kwa sauti, "Sukari, kilo mia!" Bwalo zima likaangua kicheko. Nikaitwa Kilo Mia mpaka kidato cha nne, na vile nilivyokuwa mwembamba! Hata mwalimu mmoja aliniita hivyo.

Sasa sikieni. Gunia lile aliyelileta kwetu ni mamake Rozi. Mama zetu walilikata katikati wakashona petikoti mbili, moja yangu, moja ya Rozi. Na siku ile alikuwa ameivaa, maana tulilala chumba kimoja na nilimwona akiivaa asubuhi. Ningesema neno moja tu, angefukuzwa kwenye ile meza. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikanyamaza. Nilimpenda, jamani. Nilijua atakuja jioni kuniomba msamaha, nikamngoja kitandani kwangu. Hakuja.

Aliolewa si mbali na hapa. Miaka yote hii tumekutana sokoni na kanisani, "Habari ya watoto?" "Wazuri," basi, kila mtu na njia yake.

Juzi bintiye mkubwa alikuja kwangu, macho yamevimba. Akasema, "Mama, tunazika Jumamosi. Unajua lazima mtu mmoja aongee kwa niaba ya wale walisoma na yeye. Mama yetu alituambia asiongee mwingine, ni wewe tu. Alisemanga kuna siku ulimfichia aibu shuleni, na hakuna mtu amewahi kumpenda hivyo."

Nikamwuliza, "Alisema ni aibu gani?"

"Hapana, hakutuambia. Akifika hapo alikuwa analianga tu."

Kumbe alijua nilinyamaza kwa ajili yake! Hilo ndilo limenimaliza. Alijua, akawaambia watoto wake, mimi mwenyewe hakuniambia. Angekuja hata mara moja, hata asiseme kitu, ningemwekea chai tukakaa. Ningemsamehe kabla hajamaliza kikombe.

Wale wa meza ya sukari wameshatuma habari kwamba watakuja wote. Wameolewa na wakubwa, watakaa mbele kwenye hema, na nikipewa maiki najua kuna atakayenong'ona "Kilo Mia". Nikisema Rozi alikuwa rafiki yangu, nitakuwa nimedanganya. Nikisema hakuwa, nitakuwa pia nimedanganya, na nitawavunja moyo watoto wake juu ya jeneza la mama yao. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisimame au nikatae? Na nikisimama niseme nini? Maana mimi nina neno moja tu la kumwambia Rozi, "Kwa nini hukuja?", na hawezi tena kunijibu.