Mlango wa Kushoto

Gari langu la kwanza nililinunua kwa Mzungu mmoja, mpima barabara, aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja. Lilikuwa pikapu lenye bodi ya mbao nyuma, la rangi ambayo huenda zamani ilikuwa kijivu. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa na duka dogo Garsen. Nilinunua ngozi na samli kwa Waorma nikapeleka Malindi, nikarudi na sukari, majani ya chai, mafuta ya taa na kanga. Mimi na mke wangu sote ni watu wa Kipini. Tulioana mwaka ule ule nilionunua gari, kwa mipango ya wazee wetu, na bado tulikuwa tukioneana haya.

Gari lile lilikuwa na visa. Asubuhi halikuwaka ila kwa kuzungusha hendeli pale mbele, na hendeli yenyewe ilirudisha teke kama punda. Likishawaka, lilinguruma hata chupa za dukani zikagongana. Na mlango wa kushoto, wa abiria, kitasa chake cha ndani kilikuwa kimekatika. Ulifunguka kwa nje tu. Dirisha lake nalo lilikwama, kwa hiyo aliyekaa upande ule hakuweza hata kutoa mkono ajifungulie. Ilinibidi nizime gari, nishuke, nizunguke mbele, ndipo mke wangu atoke.

Mbele ya duka palikuwa na benchi, na benchi lile halikukosa watu. Waliponiona mara ya kwanza nikizunguka kumfungulia, walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mwenye duka amekuwa boi wa mkewe!" mmoja alisema.

"Hata memsahibu wa DC hujifungulia mwenyewe," akaongeza mwingine.

Mke wangu alivuta buibui usoni akapita ndani mbio. Nilimwahidi kwamba safari ijayo ya Malindi nitautengeneza mlango. Safari hiyo ikapita, ikapita na nyingine, kila mara pana jambo la haraka zaidi.

Mwishowe niliuzoea mzunguko ule, kisha nikaupenda. Nyumbani kulikuwa na wateja, wageni, na shangazi yangu aliyekuwa akikaa nasi na kusikia kila neno. Pale mlangoni, kabla mke wangu hajakanyaga chini, tulikuwa wawili tu. Hapo ndipo alipoanza kuniambia mambo. Kwamba chai yangu ya tangawizi niliyojivunia ilimchoma koo. Kwamba shangazi anakoroma. Kwamba siku ya arusi aliogopa kunitazama uso, akatazama viatu vyangu, akaona kimoja hakikufungwa kamba, akanihurumia. Yeye mpaka leo anasema hilo la viatu aliniambia jikoni. Si kweli. Aliniambia akiwa bado ameketi garini, miguu nje, na mimi nimeshika mlango.

Kisha giaboksi ikavunjika. Nilikuwa peke yangu, nimekaribia kufika Malindi na shehena ya ngozi, gari likapiga kelele ya chuma kusaga chuma, likasimama. Lori la mchanga likanivuta hadi kwa fundi. Fundi alilala chini ya gari muda mrefu, na alipotoka alikuwa akitikisa kichwa. Kipuri hakikuwepo Malindi. Kingeagizwa Mombasa, na huenda Mombasa nao wangeagiza kwingine.

Tajiri aliyenunua ngozi zangu, Mhindi mzee mwenye sauti ndogo, siku hizo alikuwa akijiandaa kusafiri kwa meli kwenda kumwoza binti yake. Aliposikia habari zangu alifungua mtoto wa meza akatoa ufunguo.

"Wewe chukua gari yangu," alisema. "Hapa italala tu, panya itakula waya. Lakini sikiliza. Ngozi hapana. Samaki hapana. Mbuzi hapana. Mtu na kikapu yake, hapana. Wewe na bibi yako, basi."

"Hiyo ni amana, mzee wangu," nikamwambia.

Lilikuwa gari dogo jeusi linalong'aa, la viti vya ngozi, la kuwaka kwa kubonyeza kitufe. Sisemi uongo, nililifurahia sana. Njia nzima kutoka Malindi niliimba, na nilijisikia nikiimba, kwani lenyewe halikutoa sauti ya kunizidi. Nilipofika Garsen watu wa benchi walisimama wote. Mke wangu alitoka dukani, akaligusa boneti kwa ncha ya kidole, kisha akapafuta pale alipogusa kwa upindo wa kanga.

Siku chache baadaye tulikwenda Kipini kumtazama mama yake. Tulipofika kivukoni, mkubwa wa wavushaji, Mpokomo wa mabega mapana ambaye kila mara alilivusha pikapu langu kwa pantoni la kuvutwa kwa kamba, alichungulia ndani ya gari, akatusalimu, kisha akatazama nyuma yetu barabarani kana kwamba kuna kitu kinafuata.

"Lile letu liko wapi?" akauliza.

"Liko kwa fundi, Malindi. Giaboksi imevunjika."

"Maskini. Litapona?"

"Inshallah."

Alishika shavu, kama mtu aliyepewa habari ya mgonjwa wa ukoo. Kina mama wa kijiji cha Idsowe waliokuwa wakingoja na mikungu yao ya ndizi walisogea karibu. Walizoea kupanda nyuma, wakishika mbao za bodi na kupiga gumzo hadi Witu. Walilizunguka gari lile jeusi wakitafuta pa kupanda.

"Tupande wapi, mwanangu?" mmoja akaniuliza.

"Mama, gari si langu. Nimeambiwa nisipakie."

"Haya," alisema kwa upole, akauteremsha mkungu wake chini.

Tulivuka tukaenda. Viti viwili vitupu vilikuwa nyuma yetu, na sote wawili tulijua kwamba vimo. Hatukuzungumza. Katika pikapu ilitubidi tupige kelele ili tusikilizane, na watu wakishapigiana kelele haya hupungua. Humu kila neno lingesikika wazi kama msikitini, basi kila mmoja akalipima lake, akalimeza.

Kipini nilizima gari, nikashuka, nikazunguka mbele kama kawaida yangu. Nilikuta mlango umeshafunguliwa na kiti kitupu. Mke wangu alikuwa tayari kifuani kwa mama yake, wakicheka na kulia pamoja. Nilibaki nimesimama, mkono umeshika kitasa.

"Umepoteza kitu?" shemeji yangu akaniuliza.

"Ufunguo," nikamjibu, nao ulikuwa mkononi.

Siku ya kurudi tulimkuta mzee mmoja Muorma kando ya njia, na kibuyu cha maziwa begani. Huyu tulimjua vizuri. Boma lake lilikuwa mbali kidogo na barabara, lakini alikuwa akilisikia gari langu kabla halijatokeza, na kila tulipofika tulimkuta amesimama na maziwa ya mke wangu. Nami humpa majani ya chai. Safari ya kwenda hatukumwona. Nilisimama nikamsalimu.

"Gari yako kwisha kufa?" aliuliza.

"Hapana kufa. Mgonjwa tu."

Akaligonga lile jeusi kwa fimbo, taratibu. "Hii hapana piga kelele. Mimi ngoja sauti, sauti hapana kuja. Siku ile maziwa kwisha ganda."

Akampa mke wangu kibuyu kupitia dirishani. Mke wangu alinyoosha mkono, akakitazama kiti, akaurudisha. Halafu akafungua mlango, akashuka, akanywa palepale barabarani, amesimama juani. Alirudisha kibuyu kwa mikono miwili akamshukuru mzee, na alipoingia tena alikuwa akijipangusa midomo, asiniangalie.

Tulifika Garsen alasiri. Benchi lilikuwa tupu, watu wamekwenda kuswali. Nilizima gari, nikabaki nimeshika usukani, nikingoja ashuke. Hakushuka.

"Mlango una nini?" nikauliza.

"Hauna kitu. Ni mzima."

"Mbona hushuki?"

"Nangoja."

Nilishuka nikazunguka. Nadhani nilikimbia kidogo. Nilipomfungulia alitoa miguu nje, akabaki ameketi vilevile kama zamani, akanitazama.

"Yeo kutwa hatukunena," alisema. Kwetu Kipini leo ni yeo, na yeye husema hivyo moyo ukimjaa. "Gari hili lina adabu kutushinda. Siku ukienda kulitwaa letu, nami nenda nawe."

Baada ya wiki kadhaa habari ililetwa na dereva wa lori: kipuri kimefika, na tajiri amerudi. Tuliliosha lile gari jeusi mimi na yeye, hata upande wa ndani wa matairi, tukalipeleka. Mzee alilizunguka, akainama kutazama chini, akanusa ndani. Alifurahi. "Umetunza kama yai," alisema, akampa mke wangu kopo la peremende za kwao. Tulimshukuru kwa dhati, maana alitutendea wema mkubwa. Hata hivyo, tulipotoka nje ya ua wake tulitembea haraka.

Kwa fundi, pikapu lilikuwa limesimama chini ya mwembe, matope yake yote bado liko nayo. Nililipapasa ubavuni kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Fundi alikuja akitabasamu.

"Giaboksi tayari. Na mlango wako nimekutengenezea, zawadi yangu." Akaingia upande wa kushoto, akafunga, akafungua kwa ndani, akafunga tena, akafungua. "Unaona?"

Mimi na mke wangu tulitazamana.

"Tunaona," mke wangu akasema. "Asante sana, baba."

Mkono wake ulikuwa umefunika mdomo, na mabega yakimtikisika. Nilipiga hendeli, ikanipiga teke, nikapiga tena, na lilipowaka kwa moshi na mngurumo kuku wa fundi walitawanyika. Njiani alinipigia kelele habari zote alizokuwa ameziweka tangu Kipini: mama yake kasema nini, nani kaposwa, nani kakataa. Nami nikampigia kelele zangu. Tulimpakia kila aliyeinua mkono, na wa miwa, na wa samaki, na bibi mmoja aliyekuwa na mbuzi asiyetaka kupanda. Tulipoingia Garsen bodi ilikuwa imejaa na inanuka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata siku nilipolinunua. Kuhusu mlango, kwa wanaouliza, niliendelea kuzunguka, na watu wa benchi walichoka kucheka.

Kiangazi kilipokolea na udongo mweusi ukawa mgumu kama sakafu, siku moja tulikuwa tukitoka Witu, bodi tupu. Katikati ya mbuga, pasipo na nyumba wala mtu, aliniambia nisimame.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Kuendesha. Lile la watu nisingethubutu kukuomba. Hili hata nikiligonga, nitakuwa nimegonga letu."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Tukabadilishana viti. Alikunja buibui, akavua makubadhi, akakanyaga klachi kwa mguu mtupu. Gari liliruka kama chura, likazima. Nikashuka kupiga hendeli. Likaruka, likazima tena. Mara ya tatu lilikwenda, likaacha barabara, likashika nyika, vumbi likapanda nyuma yetu.

"Kata kona!" nikapiga kelele. "Kata!"

"Kwa nini? Mbele kuna nini?"

Mbele kulikuwa na kichuguu. Tulikigonga kwa upole, bampa likapinda, taa moja ikatazama juu. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilishuka, nikaitazama taa ile, nikaanza kucheka hata nikakaa chini, naye akanitazama kupitia kioo, kwanza kwa hofu, kisha akacheka kunizidi. Wachungaji wawili waliotokea na ng'ombe wao walisimama mbali. Walipomwona aliyeko kwenye usukani, waliwaondoa wanyama haraka, wakiitana.

Nilirudi ndani, nikaanza kumweleza habari za gia ya kurudi nyuma, mguu huu hapa, mkono ule pale.

"Nyamaza," akaniambia, macho yake mbele. "Naendesha."