Kufuli Mbili za Tangi la Ikinga

Zamani chemchemi ya Ikinga haikuwa na mlango. Kaya zote zilipanda kilimani na majembe, zikazibua matope pamoja, na asiyekuja aliona haya kuchota. Watu wa namna hiyo wamekwisha. Siku hizi kuna tangi la saruji, koki imewekwa ndani ya kijumba cha chuma, na kijumba kina kufuli.

Ufunguo alikuwa nao Mzee Gwalugano wa kitongoji cha juu, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumkagua. Kumchunguza mtu kama yule kulionekana kama kumchungulia Mungu. Basi kiangazi kilipokaza, maji yalifika kwake na kwa jirani zake, na mabomba ya kitongoji cha chini yakabaki kukohoa.

Huko chini ndiko anakoishi Jenista, ambaye watu humwita Mama Tumaini. Alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, jasho la mwaka mzima, na majani yalikwisha kuanza kujikunja. Bila maji wiki ile, miche ingekufa yote.

Jenista aliuza maharage Tunduma, mpakani, miaka mingi, akajifunza Kiingereza kwa kubishana bei na Wazambia. Kwenye marobota ya mitumba aliokota kitabu kisicho na jalada, kinachoeleza fikra za James Madison, mmoja wa waasisi wa Marekani. Alikisoma polepole, jikoni, moshi machoni. Alichoelewa ni kwamba Madison hakutegemea wema wa watawala. Kwa kuwa binadamu si malaika, alitaka madaraka yagawanywe, kila mwenye sehemu yake amzuie mwenzake asipitilize.

"Na yeye mwenyewe alimiliki watumwa," Jenista alimwambia shoga yake Aida. "Labda alijitazama ndipo akajua."

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, alisimama. "Nashauri kufuli ziwe mbili. Ufunguo mmoja ukae juu, mwingine chini. Asiwepo wa kufungua peke yake."

"Kwa hiyo mimi mwizi?" Mzee Gwalugano aliuliza taratibu.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa kuzunguka. Nimewazikia wazazi wenu, leo mnaniwekea mlinzi?"

Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja akamvuta Jenista kanga, amwombe mzee radhi. Jenista hakukaa.

"Baba, kanisani mchungaji huamua mambo peke yake?"

"Hapana. Sisi wazee wa baraza tupo."

"Kumbe. Na ni nani aliyemwambia mchungaji kwamba ni mwizi?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikapanda hadi meza kuu. "Mzee, hapo umefungiwa ndani," alisema Lusungu, fundi baiskeli. Mikono ikanyooshwa, hata ya watu wa juu, na hoja ikapita. Vigelegele vikalia, na sauti zikaanza kudai kwamba Mama Tumaini apewe funguo zote mbili, maana huyu ndiye mwenye akili.

Hapo ndipo angeweza kuokoa miche yake jioni ileile. Alisubiri wanyamaze.

"Kahawa yangu inakufa," alisema. "Mkinipa funguo zote, nani atapata maji kabla ya kitalu changu? Mimi nami si malaika. Wa juu abaki nao mzee. Wa chini apewe Aida."

Kisha vigelegele vikarudi mara mbili ya vile vya kwanza, na Mzee Gwalugano mwenyewe, kwa shingo upande, akapiga makofi.

Asubuhi yake mzee aliwahi tangini. Alifungua kufuli yake, akasimama, maana hakuwa na la kufanya zaidi. Aida alipanda kilima bila haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, lakini nimekuja."

Akafungua ya kwake. Mzee akazungusha koki, na wote wawili wakasimama kusikiliza maji yakishuka, mpaka kule chini kitongoji kizima kikapiga kelele za furaha.