Usirudi Mpaka Nikuite

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa mwalimu mzuri, na si yeye aliyejipa sifa hiyo. Kila mwanzo wa mwaka wazazi walimwendea mwalimu mkuu kumbembeleza watoto wao wapangwe kwake. Wanafunzi walimpachika jina la Saa Moja, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita, mvua inyeshe jua liwake, saa moja kamili asubuhi alikuwa keshafuta ubao na kuandika tarehe. Fimbo yake ilikaa juu ya kabati, na siku nyingi ilishuka kuulia mende tu.

Mwaka ule alikuwa na watoto themanini na watatu katika chumba kilichojengewa arobaini. Mmoja wao alikuwa binti wa fundi cherehani, mama mmoja aliyeshonea barazani pa duka la vyombo. Binti alikuwa na miaka kumi. Wenzake walimwita Redio, kwa sababu alirudia maneno kama alivyoyasikia. Ukimwambia "Hujambo?" naye anakujibu "Hujambo?" kwa sauti yako mwenyewe, na darasa zima linaangua kicheko. Saa Moja alijua jina lile si zuri. Hakulikataza. Ukiwa na themanini na watatu, unachagua vita vya kupigana.

Mambo ya yule binti yalimchosha. Siku ya ukaguzi wa sare alikuja na shati lisilo na kola. Mama yake alikuwa ameikata, akaifunga ukingo vizuri kwa sindano ya mkono. Saa Moja akaagiza kola irudishwe. Ikarudishwa, na binti akajikuna shingo wiki nzima mpaka ikatoka damu.

Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha la darasa la nne, ikipigwa kwa nondo. Dakika moja kabla haijalia, binti alikuwa ameshaziba masikio na kuinamia dawati. Saa Moja akadhani ni mchezo. Siku moja aliuliza, "Nani anaweza kuniambia mto ni nini?" Binti akanyoosha mkono, akasimama, akasema, "Mimi," kisha akakaa. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati.

"Unanichezea?" Saa Moja akamwuliza. "Niangalie ninaposema nawe!"

Akamshika kidevu amwinue uso. Binti akapiga yowe lililowaleta walimu wa darasa la tano mlangoni. Katika ofisi ya walimu wakakubaliana kwamba ni jeuri, na jeuri ya mtoto wa kike ikiachwa huota mizizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Ilikuja habari kwamba wakaguzi watafika kesho yake, na mwalimu mkuu akafuta vipindi vyote ili shule isafishwe. Madawati yakaburutwa kwenye saruji, ndoo zikagongana, watoto wakapiga kelele kwa furaha ya kukosa masomo. Binti akasimama katikati ya chumba, maji yakimpita miguuni.

"Jumatano hesabu," akasema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi: "Jumatano hesabu! Jumatano hesabu!" Akaanza kujipiga kichwani kwa ngumi.

Mwalimu mkuu akachungulia dirishani. "Vipi Mwalimu, darasa limekushinda?"

Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Saa Moja akamkamata binti mkono, akamtoa nje, akamwonyesha ukuta wa nyuma ya darasa. "Simama pale. Usirudi mpaka nikuite."

Ilikuwa saa nne. Binti akaenda, akasimama. Saa Moja akarudi kwenye ndoo na mifagio, chumba kikawa na utulivu kiasi, akashukuru Mungu. Halafu akasahau.

Alisahau hivi hivi tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Mapumziko yakapita. Chakula cha mchana kikapita. Saa nane na nusu watoto wakaachiliwa, na baadhi yao walipomwona pale ukutani wakamtupia maganda ya machungwa, wakaenda zao. Saa tisa mvua ikanyesha. Saa Moja akajifunika mfuko wa nailoni kichwani, akakimbia nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa akimimina chai, mlango ukagongwa. Alikuwa fundi, futi ya kupimia bado shingoni.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kukusumbua. Mwanangu hajarudi."

Chai ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, ikamchuruzika miguuni, naye asiondoe birika.

Walikimbia mpaka shuleni. Mlinzi akafungua geti akilalamika kwamba shule haina mtu. Binti alikuwa pale pale, uso ukutani, sare imemganda mwilini, miguu ikitetemeka. Alikuwa amejikojolea, na si mara moja.

"Twende nyumbani, mama," fundi akamwambia mwanawe.

"Usirudi mpaka nikuite," binti akajibu. Sauti ilikuwa ya Saa Moja, hata ile hasira yake ndogo mwishoni.

Mama akamvuta. Hakusogea. Mama akageuka kumtazama mwalimu, na ndipo Saa Moja akaelewa kwamba yeye tu ndiye mwenye ufunguo.

"Nakuita," akasema. "Njoo. Nakuita."

Binti akageuka, akapiga hatua mbili, magoti yakakatika.

Fundi hakutukana wala hakulia. Alimbeba mwanawe mgongoni, mtoto wa miaka kumi, miguu ikining'inia. Alipofika getini akasema, "Ulimwambia, akafanya. Sasa kosa lake liko wapi, Mwalimu?"

Baada ya wiki mbili alileta barua ya hospitali. Ndani yake mlikuwa na neno usonji, ambalo Saa Moja aliwahi kulisikia kwenye semina moja, baada ya chakula, akiwa anasinzia. "Daktari anasema si jeuri," fundi alimwambia. "Kengele ile inamuuma kama wewe unavyoumwa na moto. Kukutazama machoni kunamuuma. Miaka yote hii na mimi nilikuwa namchapa."

Saa Moja akajitahidi. Akaruhusu shati lisilo na kola. Akamweka binti karibu na mlango, akamwandikia ratiba kwenye kadi. Aliomba rimu ihamishiwe upande wa pili wa uwanja, mwalimu mkuu akacheka: "Shule nzima ihamishe kengele kwa ajili ya mtoto mmoja?"

Lakini binti hakuingia darasani. Kila asubuhi alipita mlango, akaenda nyuma, akasimama ukutani. Siku za mwanzo Saa Moja alimfuata, akasema, "Nakuita," naye akaja. Wiki ya tatu akaitwa mara moja, mara tano, mara kumi, wala hakugeuka. Na yale maneno ya kurudia yakakatika. Redio imezima, watoto wakasema.

Mwezi haukuisha, mwalimu mkuu akaandika barua kwamba mtoto apelekwe shule maalumu. Iliyo karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima, na imejaa. Fundi akachukua madaftari ya mwanawe, akaondoka.

Tangu hapo Saa Moja akaanza kuwakumbuka wengine. Yule aliyetafuna mikono ya sweta mpaka ikaisha. Yule aliyekaa chini ya dawati, ambaye yeye Saa Moja alimchapa mpaka mtoto akaacha kuja, kisha akakifanya kisa chake kichekesho cha ofisini kwa miaka. Alishuka stoo akafunua madaftari ya zamani ya mahudhurio. Pembeni ya majina, kwa mwandiko wake mzuri, alikuta neno moja: mtoro. Mtoro. Mtoro.

Alikwenda barazani kwa fundi mara moja tu. Binti alikuwa chini ya meza, akipanga vifungo kwa rangi, ametulia. Saa Moja akasema, "Hodi." Sauti hiyo tu. Binti akainuka, akaenda kusimama, uso kwenye ukuta wa duka.

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Mwalimu, najua moyo wako. Lakini ukija, yeye anarudi kule. Usije tena, nakuomba."

"Basi nikuombeni msamaha wapi, mama?"

"Sijui, Mwalimu. Kwa kweli sijui."

Mwaka uliofuata alipewa watoto themanini na tisa. Aliiandikia ofisi ya elimu kuomba mafunzo, akaandika tena, hakujibiwa. Wiki ya kwanza akamwona mtoto safu ya tatu, akitikisa mwili mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila kelele zilipopanda. Mwaka juzi angemwambia atulie. Sasa alijua. Alisimama na chaki mkononi, akimtazama, na watoto themanini na wanane wakimsubiri aendelee, na hakujua afanye nini.